Chokaa ya Biskuti

Jumatano, 10 Novemba 1971. Funga ya ishirini na moja.

Leo nimetoa ahadi. Mbele ya watu, na futari ingali mkekani. Borafya Jaku, mpaka rangi, hatoi ahadi ovyo, kwa hiyo naiandika hapa isije ikasemwa kesho kuwa sikusema.

Ilikuwa hivi. Nilialikwa kufuturu Kiembe Samaki kwa Wanu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwepo mumewe, Matar. Alikuwepo mama yake Matar, Bi Kidawa, anayekaa nao. Na alikuwepo binti yao Mwanapili, miaka saba, anayeniita babu. Mtoto huyu tumbo lake halipokei ngano wala maziwa. Daktari kakataza kabisa: mkate, biskuti, siagi, samli, kila chenye ngano na kila kitokacho kwa ng'ombe. Tangu akatazwe, mashavu yamejaa, alhamdulillahi. Lakini leo katikati ya futari kasema kwa sauti ndogo kwamba sikukuu hatoki. Gauni lake apewe mwengine. Wenziwe watapita nyumba kwa nyumba wanakula biskuti za urembo, yeye atasimama kuwatazama midomo.

Muhogo nikauweka chini. Nikasimama wima. Nikasema babu yupo! Sikukuu hii Mwanapili atakuwa na biskuti zake mwenyewe, hazina ngano, hazina maziwa, na juu zina aisingi, ule upako mweupe wa sukari kama wa keki za harusi. Nyeupe! Laini kama kuta zangu!

Mtoto kanitazama kama mimi ndiye mwezi wa Idi.

Bi Kidawa akauliza, taratibu, kama nimewahi kupika japo chai. Swali la uchokozi. Nikamjibu kuwa mwaka wa ishirini na mbili huu napaka chokaa nyumba za mji, na aisingi ni nini kama si chokaa ya biskuti? Akajisogezea sahani ya muhogo. Nimemshinda.

Nimerudi kwangu Kiponda kwa baiskeli kifua mbele.

Alhamisi, 11 Novemba.

Foleni ya sukari tangu baada ya alfajiri. Nimepata ratili moja. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kalalamika kuwa nasimulia sana. Nilikuwa namweleza aisingi. Hakustahiki.

Sukari ya dukani ina chenga, na ukuta wenye chenga haupakiki. Nikaitia kinuni, nikatwanga mpaka ikawa vumbi. Nikatia maji. Nikakoroga kwa kijiti changu cha rangi (kipya, sijakitumia). Ikawa nyeupe! Nikasema kumbe kazi yenyewe nusu saa!

Tatizo moja. Mfungaji haonji. Nimengoja magharibi. Jirani yangu Muhiddin, fundi cherehani, mtu mwenye roho nzuri ila hana ujuzi wa vyakula, nimempa aionje juu ya kipande cha muhogo, maana biskuti bado sina. Kwanza aisingi yote ilimwagika, ikamtiririkia hadi kiwikoni. Pili kaniuliza kwa nini ina thomu.

Kinu! Ndicho ninachotwangia vitunguu thomu.

Nimemwambia asiyezoea vitu vizuri hukiona kigeni kila kipya. Kaomba maji.

Ijumaa, 12 Novemba.

Nimeosha kinu mara tatu kwa majivu na ndimu. Leo nimeacha maji, nimetia tui. Fikra kubwa! Nazi haina ng'ombe ndani yake. Nimekuna, nimekamua, nimebandika jikoni pamoja na sukari, nimekoroga kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Mafuta yakapanda juu, sukari ikakaa chini, na rangi yake ikawa ya ukuta wa choo uliovuja.

Mwengine angekata tamaa. Mimi nina ufundi. Sisi wapaka chokaa, chokaa ikigeuka manjano, twajua dawa: buluu ya kufulia, chembe tu, na ukuta hung'ara hadi macho yaume. Nikatia chembe. Nikatia na nyengine. Wallahi sijaona weupe kama ule!

Sikukusudia kumpa mtoto, ilikuwa jaribio tu. Wala sikukusudia kumpa Muhiddin. Lakini magharibi kaingia na njaa yake, kaona bakuli, kachota vijiko viwili kabla sijamaliza kujibu adhana. Kisha akaenda tarawehe. Ulimi buluu, midomo buluu, na meno mawili ya mbele. Nasikia kila aliyepeana naye mkono kamuuliza kama kanywa wino.

Karudi kwangu na maneno ambayo hayasemwi mwezi huu. Nimemkumbusha kuwa saumu ni subira.

Buluu: hapana. Lakini weupe ule! Ningependa Bi Kidawa auone.

Jumapili, 14 Novemba.

Kiembe Samaki, kutoa taarifa ya kazi. Wanu kauliza inakwendaje. Nimesema vizuri mno, imebaki kurekebisha mambo madogo. Bi Kidawa alikuwa uani akitwanga mchele. Nikajisogeza, si kuchungulia, ila nilikuwa napita. Kumbe anafanya vileja! Vileja ni unga wa mchele tangu enzi za bibi zetu, havijui ngano. Samli kaiacha, badala yake katia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na mayai, na hiliki. Kanieleza yote bila kuombwa, akaniambia kama nataka, biskuti atengeneze yeye, mimi nihangaike na hilo la juu.

Nimemwambia nilishawaza vileja tangu Jumatano. Si kweli hasa. Lakini ningewaza.

Nimekubali. Kila nyumba ina mwashi na ina mpaka rangi, na watu wanaopita njiani hawamsifu mwashi.

Nilipokuwa naondoka Mwanapili kanifuata hadi kwenye baiskeli. Kashika usukani. Akauliza, "Babu, itakuwa nyeupe kweli?" Nikasema kweli. Akauliza, "Na haitaniuma?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kanihadithia kuwa sikukuu iliyopita alijificha chini ya kitanda akala biskuti nne za jirani, na usiku ule ule akapelekwa hospitali, akalala siku tatu, na mama yake alikuwa analia akidhani yeye kalala. Kasema biskuti zenyewe zilikuwa tamu lakini si tamu kiasi hicho.

Nimemwambia, "Mwanangu, ya babu haiumi." Kaachia usukani.

Njia nzima sikupiga kengele ya baiskeli hata mara moja.

Jumanne, 16 Novemba.

Ushindi! Ushindi! Naandika mikono ikinata.

Jana sikuandika kwa sababu jana ilikuwa zamu ya kujaribu mayai, na sitaki kuizungumza.

Leo nilikuwa kazini Shangani, napaka ngazi za nyumba ya watu, na huku nawaza: aisingi yangu inamwagika kwa nini? Ikanijia nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Haina mwili! Rangi isiyo na kishikio haikai ukutani. Na kishikio tunachokijua sisi mafundi ni nini? Uji wa unga! Nikashuka mbio. Mpishi wa nyumba ile, Usi, ni mtu wangu, nilimpakia jiko lake bila kumtoza. Nikamnong'oneza. Akatazama huku na huku, akanipimia kikombe kizima cha unga wa ngano. Wa ngano! Mji mzima watu wanaupangia foleni siku hizi, na mimi ninao, mweupe, laini kama poda!

Kikombe nimekifunika kwa kofia yangu hadi Kiponda. Nikatwanga sukari. Nikachuja tui kwa kifumbu. Nikatia unga kijiko, kijiko, kijiko. Ikashika! Nikaipaka juu ya sahani iliyofudikizwa, ikakaa. Nikaisimamisha sahani wima. Ikakaa! Nikaitikisa! Imekaa kama kuta za mjini.

Muhiddin kakataa kuonja. Kasema yeye ana familia. Nimeonja mwenyewe baada ya magharibi. Tamu. Nimeonja tena. Nilipomaliza kuonja ilikuwa imebaki nusu.

Ya sikukuu ninaifanya kesho kwa unga uliobaki. Namwonea huruma Bi Kidawa.

Alhamisi, 18 Novemba.

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimefika Kiembe Samaki saa nne asubuhi, bakuli limefungwa kwa kitambaa nyuma ya baiskeli, mimi nimevaa kanzu. Vileja vimepangwa juu ya ungo, arubaini na kitu, vimetoka vizuri, nakiri. Nikaita watu wote. Nikafungua kitambaa kwa madaha. Wanu kasema mashaallah. Mwanapili, ambaye hafungi bado, akaja mbio, akachovya kidole cha shahada, akakitoa na kishungi cheupe nchani.

Bi Kidawa naye kachovya. Hakupeleka mdomoni, kwani kafunga. Kasugua vidole viwili, polepole, kama anayepima kitambaa dukani.

"Bwana Borafya, umetia nini humu?"

Nikahesabu kwa fahari. Sukari. Tui. Ndimu. Na unga kidogo wa kushikiza.

"Unga wa nini?"

Nilifungua kinywa niseme, na hapo ndipo niliposikia neno lenyewe kabla halijatoka. Nimelibeba siku mbili. Nimelifunika kwa kofia. Nimelipimia kwa kijiko.

"Wa ngano," nikasema.

Kidole cha mtoto kilikuwa shibiri moja na mdomo wake. Wanu kamdaka mkono, kamvuta hadi kisimani, kamwosha mpaka mtoto akalia kuwa anaumia. Hakuna aliyenipigia kelele. Afadhali wangenipigia.

Nilichukua bakuli nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikamwaga. Kuku wakaja. Nikakaa juu ya jiwe kwa kanzu yangu safi nikawatazama wakila. Nilikuwa nawaza siku tatu za hospitali. Nilikuwa nawaza "ya babu haiumi".

Nikasikia naitwa.

"Bwana Borafya!"

"Naam."

"Njoo utwange sukari."

Nikasema mimi basi tena, mimi nirudi mjini nikapake kuta. Bi Kidawa kasimama pale pale mlangoni na mchi mkononi.

"Mtoto ulimwahidi wewe, sikumwahidi mimi. Mikono yako inajua kazi. Akili ntatia mimi. Njoo."

Kwanza kachemsha maji, kavimwagia vyombo vyote, hata kijiti changu kakitupa. Kaniambia vumbi tu la ngano linamtosha yule mtoto. Sikujua. Kisha nikatwanga. Yeye kaipepeta sukari kwa kitambaa cha melimeli, kilichobaki kwenye kitambaa kikarudi kinuni, nami nikatwanga tena, mara nne. Nazi kaikamua bila maji hata tone, kasimile tupu, kisha akaiacha itulie mpaka ule uzito wa juu ukajitenga, akauengua huo peke yake. Hakuubandika motoni. Katia kijiko kwa kijiko, ndimu matone matatu, na cha kushikiza, vumbi la mchele aliouroweka, akausaga na kuuanika mwenyewe.

Ikawa nzito, nyeupe, ikining'inia kwenye mwiko kama haitaki kuanguka.

Nikamwambia ndiko nilikokuwa naelekea. Kanitazama. Nikaendelea kutwanga.

Ijumaa, 19 Novemba.

Leo ni kupaka. Na hapa, ewe daftari, nijisifu bila kuona haya, maana hata shahidi ninaye.

Bi Kidawa kajaribu cha kwanza kwa kisu. Mabonde na vilima. Cha pili kikawa na alama za vidole. Nikamwomba kwa adabu anipishe. Nikatoa brashi mpya ya manyoya laini, niliyoinunua makusudi, nikaiosha kwa maji moto mbele ya macho yake mpaka akaridhika. Mkono mmoja mwepesi kwanza, ukauke. Kisha mkono wa pili, kwa kukata upande. Usirudi nyuma. Usibonyeze. Pumzi uizuie.

Arubaini na viwili. Hakuna hata kimoja chenye mchirizi.

Bi Kidawa kasimama nyuma yangu muda mrefu. Nilikuwa nangoja aseme lolote nipate la kumjibu. Mwishowe kasema, "Mkono unao." Basi. Nimetafuta jibu njia nzima hadi Kiponda, na bado sijapata.

Wanu kavifunika kwa kawa. Mwanapili kakatazwa kugusa, akavuta kigoda akakaa mbele yake kuvilinda.

Mwezi umeandama. Mtaa mzima kelele.

Jumamosi, 20 Novemba. Idi.

Kutoka kuswali, moja kwa moja Kiembe Samaki. Idi mubarak, Idi mubarak. Nimempa Bi Kidawa mkono wa Idi naye kanipa udi wa kufukiza nguo. Sijui ana maana gani.

Mwanapili katoka na gauni la manjano, viatu vyeupe, na kopo la vileja kalikumbatia. Kala cha kwanza mbele yetu. Watu wazima wanne tukasimama kumtazama mtoto akitafuna, kama tunatazama mbio za ngalawa. Kala cha pili. Kauliza kwa nini hatuketi.

Kisha akatoka. Nikamfuata kwa mbali, kwa mambo yangu tu. Nyumba ya kwanza kampa mwenziwe kimoja. Nyumba ya tatu alikuwa na watoto tisa nyuma yake. Wameacha biskuti zao za madukani wanataka zake! Kuna kitoto kimempa puto zima kwa kileja kimoja. Nimemsikia akisema, "Kafanya babu yangu na bibi yangu." Mimi kanitanguliza.

Jioni uwanja wa sikukuu, Mnazi Mmoja. Kapanda bembea mara tano. Tumbo kimya.

Nimekutana na watu wengi uwanjani na wote nimewaeleza. Aisingi isiyo na maziwa, isiyo na ngano, ugunduzi wangu. Watu wakashangaa. Nilikuwa nimefika kwa mtu wa kumi na moja hivi nilipogundua kuwa Bi Kidawa yuko nyuma yangu ananunua njugu. Nikaongeza kuwa nilisaidiwa kidogo. Kauliza, "Kidogo?" Nikasema, kiasi. Kanipa njugu nusu ya pakiti akaenda zake.

Ule unga wa ngano sikuutaja. Mvumbuzi yeyote hupitia majaribio.

Jumanne, 23 Novemba.

Siku ya tatu imepita. Wanu kaleta habari: mtoto mzima, hana hata kiungulia, anaulizia kopo jengine. Nimeswali rakaa mbili. Machozi kidogo. Moshi wa jiko.

Sifa zimeenea. Leo barazani kwetu kila mtu ananiuliza habari za upishi. Hata Mzee Mcha, seremala, kaja na mkongojo wake. Anamwoza mwanawe wa mwisho wiki mbili zijazo, naye ana maradhi ya sukari. Daktari kamkataza vitamu vyote, kila kitu chenye utamu. Kasema kinachomuuma si maradhi. Kinachomuuma ni kukaa kwenye harusi ya mwanawe, sinia la halua likipita mbele yake, naye aitikie tu kwa kichwa.

Wote wakanitazama. Nahisi hivyo.

Nikasimama. Nikasema Mzee Mcha, futa uso! Halua utakula, na utakula ya kwako peke yako, haina sukari hata chembe, kwa mkono wa Borafya Jaku. Mzee kanishika mikono miwili. Muhiddin kafunga duka mapema, kasema kichwa kinamuuma.

Habari Unguja hazilali. Kabla ya laasiri Bi Kidawa keshamtuma Matar kwa baiskeli: nisibandike kitu jikoni, nisimpe mzee wa watu kitu, mpaka yeye afike kesho. Nimemwambia Matar amfikishie salamu zangu. Namwelewa mama wa watu. Si rahisi kukaa karibu na kipaji.

Wala simngoji. Kazi yenyewe nimeshaimaliza kichwani. Tatizo la halua ni moja tu: bila sukari utamu utatoka wapi? Watu wote wamekwama hapo. Mimi nimefikiri tangu laasiri hadi magharibi, na jibu limenijia nikiwa natia udhu, jepesi kiasi kwamba nimecheka peke yangu. Nimeshaagiza kibuyu kizima kutoka Chwaka.

Asali!